Ziwa Lenye Umbo la Koa, na Ramani Nyingine za Ajabu

Mwezi Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni inayozitaka serikali, shule na mashirika ya kimataifa yaache ramani ya dunia tuliyoizoea ukutani, ile ya Mercator, na kutumia ramani inayoonyesha ukubwa halisi wa mabara. Kampeni ilianzishwa na mashirika mawili, Africa No Filter na Speak Up Africa. Habari hiyo ilipoingia kwenye makundi ya WhatsApp ilizua mabishano. Kuna walioipokea kama ushahidi kwamba tumedanganywa miaka yote, na kuna waliouliza ramani inawezaje kukosea wakati angani kumejaa setilaiti. Wengine walisema ramani ni ramani tu, watu watafute kazi nyingine ya kufanya.

Mkanganyiko huu una sababu. Shuleni tulifundishwa kusoma ramani, lakini ni wachache walioambiwa jinsi ramani inavyotengenezwa. Ukishajua hilo, hasira inapungua na hamu inaongezeka, kwa sababu unagundua kuna ramani za ajabu kuliko ulivyodhani: ya kumsaidia mtu kuswali, ya kijiji kilichobuniwa kisha kikawepo, na ya ziwa kubwa mno lililochorwa Rabai, karibu na Mombasa, ambalo halikuwahi kuwepo.

Tuanze na ile ya ukutani. Itazame Greenland, kule juu, jinsi inavyokaribia kulingana na Afrika nzima. Kisha itafute Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kipande tu katikati ya bara. Greenland ina kilomita za mraba milioni 2.17. Kongo ina milioni 2.34. Kongo peke yake ni kubwa kuliko Greenland, na Afrika yote, yenye kilomita za mraba milioni 30 na ushei, ingeimeza Greenland mara 14.

Ganda la chungwa

Ramani ni mchoro unaoonyesha vitu viko wapi, kimoja kwa kulinganisha na kingine. Ili mchoro huo uingie kwenye karatasi, mchoraji anafanya mambo matatu. Anapunguza, na kiasi cha kupunguza huitwa skeli. Anachagua, yaani anaamua kipi kiingie na kipi kiachwe. La tatu ndilo gumu: dunia ni tufe na karatasi ni bapa, kwa hiyo lazima awe na kanuni ya kuuhamisha uso wa mviringo na kuulaza. Kanuni hiyo huitwa projeksheni.

Ugumu wake unaweza kuushika mkononi. Mwangalie muuza machungwa wa barabarani anavyomenya: kisu kinazunguka na ganda linatoka utepe mmoja mrefu. Uchukue utepe ule ujaribu kuulaza mezani. Unajikunja. Ukiukandamiza kwa nguvu, unachanika. Ukitaka usichanike, itabidi uuvute mahali fulani, na ukishauvuta umeshaubadilisha. Mwaka 1827 mwanahisabati Mjerumani, Carl Friedrich Gauss, alithibitisha kwamba jambo hili halina ujanja: hakuna namna ya kuulaza uso wa tufe kwenye bapa bila kuharibu kitu, iwe ukubwa, umbo, umbali au mwelekeo. Setilaiti haisaidii hapa. Picha yake nayo lazima ilazwe.

Gerardus Mercator, mzaliwa wa Flanders, aliitoa ramani yake mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Alichofanya ni kama kulichukulia ganda la chungwa kuwa mpira wa kuvutika. Mistari ya longitudo, ambayo kwenye tufe hukutana kwenye ncha, aliisimamisha wima ikawa sambamba. Hilo lilizitanua nchi za mbali na ikweta kwa upana. Ili maumbo yake yasipotoke, akazivuta pia kwa urefu, kiasi kilekile. Kwenye latitudo ya digrii 60, karibu na ulipo mji wa Oslo, kila urefu umekuwa mara mbili, maana yake eneo limekuwa mara nne. Kwetu huku karibu na ikweta hakuna kilichoongezwa cha maana. Afrika haikupunguzwa. Ni wenzetu wa kaskazini walioongezewa.

Faida aliyoipata ni hii: nahodha akipiga mstari mnyoofu kutoka bandari moja hadi nyingine, akapima pembe yake, kisha akaishika pembe hiyohiyo kwenye dira bila kuibadilisha, atafika. Kwa watu waliokuwa wanavuka bahari bila kuona nchi kavu kwa wiki nyingi, hiyo ilikuwa tofauti ya kufa na kupona. Kwa hiyo dai kwamba Mercator aliichora ramani yake ili kuidhalilisha Afrika halina msingi. Waliokosea ni waliokuja baadaye, wakaichukua ramani ya baharini na kuibandika darasani. Mtoto wa darasa la nne wa Sumbawanga haongozi meli. Anataka kujua nchi yake ni kubwa kiasi gani, na kwa swali hilo ramani ya Mercator inampa jibu baya. Mimi nipo upande wa kampeni kwa sababu hiyo, tena bila kusitasita.

Ila dai la pili nalo si kweli, kwamba sasa imepatikana "ramani sahihi". Ramani inayopigiwa debe inaitwa Equal Earth, iliyotolewa mwaka 2018 na wachoraji watatu, Bojan Šavrič, Tom Patterson na Bernhard Jenny. Inatunza ukubwa wa kila nchi, na gharama yake inalipwa kwenye maumbo: nchi za pembeni zimelala upande kama miti iliyopigwa na upepo. Ramani ya zamani zaidi ya aina hiyo, iliyotangazwa na Mjerumani Arno Peters mwaka 1973 na ambayo Mskoti James Gall alikuwa ameshaibuni mwaka 1855, nayo ilitunza ukubwa, lakini Afrika inaning'inia humo kama nguo mbichi kwenye kamba. Na ramani ya kwenye simu yako, ukikaribia mtaani, bado inatumia ndugu wa Mercator, kwa sababu ukiwa Kariakoo unataka kona ya mtaa ionekane kona kamili. Ukubwa wa Greenland haukuhusu saa hiyo.

Kila ramani ni jibu. Ndiyo maana zile za ajabu zinatuvuta: swali lake liko wazi, unaliona usoni.

Kutoka hapa nielekee wapi?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kibla. Mwaka 1909 mpimaji mmoja aliyefanya kazi Misri, James Ireland Craig, alitengeneza projeksheni yenye lengo moja tu: popote ulipo, upige mstari mnyoofu kuelekea Makka kwenye karatasi, na pembe ya mstari huo ikwambie uelekee wapi kuswali. Ili kulijibu swali hilo moja ilimbidi aikunje dunia vibaya sana. Mabara yamepindishwa hadi mengine huyatambui. Mtu asiyejua lengo ataiona ramani hiyo kama imelowa maji. Anayejua ataiona kazi ya fundi.

Waswahili wa Dar es Salaam, Unguja au Mombasa hawaihitaji. Makka iko karibu na longitudo ya 40 mashariki, na pwani yetu iko humohumo, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, karibu kabisa. Hata lugha inakumbuka, kwani katika Kiswahili cha zamani kibla lilikuwa pia jina la upande wa kaskazini. Taabu inamkuta aliyehamia New York au Toronto. Anatazama ramani ya ukutani, anaiona Makka ikiwa kulia na chini yake, yaani kusini mashariki. Anaingia msikitini anakuta watu wameelekea kaskazini mashariki. Mabishano juu ya hili yamewahi kuwa makali kweli.

Chukua tufe la dunia na uzi. Shika ncha moja New York na nyingine Makka, kisha uvute uzi ukaze. Utauona ukianza safari kwa kupanda kaskazini mashariki, ukavuka Atlantiki kule juu, ndipo ukashuka. Hiyo ndiyo njia fupi juu ya tufe, ndiyo maana ndege za Marekani kwenda Ulaya huonekana kwenye ramani kama zinapinda. Hazipindi. Karatasi ndiyo iliyopinda.

Na kama kibla kinatoka mahali, kaskazini kuwa juu ya ramani kunatoka wapi? Hakuna sababu ya kimaumbile. Dunia angani haina juu wala chini. Al-Idrisi, aliyeifanya kazi yake kwenye kasri ya Mfalme Roger II huko Palermo, aliimaliza ramani yake mwaka 1154, na kusini iko juu. Bara letu lote liko kichwani mwa ramani, pwani ya Zanj, jina la kale la pwani yetu, ikiwemo. Maneno yetu wenyewe hayana habari ya juu na chini. Kaskazini ni kunakotoka kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi unaoleta majahazi. Kusini ni kunakotoka kusi, upepo unaoyarudisha. Wazee wa pwani waliita kusini pia suheli, kwa jina la nyota. Ukimsikiliza baharia akizitaja pande, unasikia ramani ya pepo na nyota.

Mkoa uliovimba

Kuna ramani ambazo hazijali nchi ilivyo kwa umbo. Zinachukua takwimu na kuzitumia kama pampu: penye kingi panavimba, penye kichache panasinyaa. Huitwa katogramu. Jaribu kuifikiria Tanzania kwa Sensa ya 2022. Mkoa wa Dar es Salaam una kilomita za mraba 1,393, mdogo kuliko mikoa yote ya Bara. Lindi ina zaidi ya 66,000, kama mara 47 yake. Lakini Dar ilihesabiwa watu milioni 5.38 na Lindi milioni 1.19. Kwenye ramani ya kawaida Dar ni doa ufukweni na Lindi ni shamba kubwa. Kwenye katogramu ya watu, Dar inafura kama andazi ndani ya mafuta na Lindi inabanwa pembeni yake. Ramani zote mbili ni za kweli. Moja inajibu ardhi iko wapi, nyingine inajibu watu wako wapi. Anayepanga zahanati anahitaji ya pili zaidi.

Ramani ya basi ni jamaa wa hizi. Mwaka 1931 Harry Beck, mchoraji aliyewahi kuajiriwa na reli ya chini ya ardhi ya London, alichora njia zake kama mchoro wa nyaya za umeme: mistari minyoofu, kona za digrii 45, vituo vimeachana sawa hata kama chini ya ardhi vimesongamana. Ilichapishwa mwaka 1933 na abiria wakaipenda, kwa sababu abiria haulizi ni mita ngapi. Anauliza nashuka wapi. Mwaka 2014 Nairobi nayo ikapata ya kwake. Wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa vyuo vya Marekani vya MIT na Columbia walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia na vituo, na zaidi ya njia 130 zikachorwa kwa rangi kwenye karatasi moja. Mtu aliyekulia mjini anajua 46 inakwenda Kawangware na 111 inakwenda Ngong, lakini kuuona mji mzima wa matatu kwa mara moja, mistari yote ikikimbilia katikati na kusongamana pale, kulifundisha kitu ambacho hakuna kondakta aliyeweza kukieleza.

Uzito wa kuingia kwenye ramani wanaujua vizuri waliowahi kuachwa nje. Hadi mwaka 2009 Kibera, yenye maelfu kwa maelfu ya watu, ilikuwa kama nafasi tupu kwenye ramani za wazi za mtandaoni, ndipo vijana wa hapohapo wakaanza kupita vichochoroni na vifaa vya GPS wakiandika vyoo, zahanati, shule na visima. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulifanya kazi kama hiyo kuanzia 2015, wanafunzi na wakazi wakichora mitaro na nyumba za mabondeni ili ijulikane maji yakija yatapita wapi.

Hapa kuna hadithi moja ya kurekebisha kidogo. Husimuliwa kwamba daktari John Snow alichora ramani ya vifo vya kipindupindu mtaa wa Soho, London, mwaka 1854, akaona vimezunguka pampu ya Broad Street, mpini wa pampu ukang'olewa na ugonjwa ukaisha. Mpini uling'olewa kweli, tarehe 8 Septemba, lakini ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua, na ramani ilichapishwa baadaye. Kazi ya ramani hiyo ilikuwa kuwashawishi wasioamini kwamba maji ndiyo yanayoua. Kwa miji yetu ambayo kipindupindu bado kinarudi na mvua, hiyo ndiyo kazi iliyobaki.

Mahali pasipokuwepo

Sasa tufike kwenye ramani za kubuni, ambazo watu huzidharau kama mchezo. Zipo za aina nyingi. Mwandishi Robert Louis Stevenson mwaka 1881 alichora kwanza kisiwa, na ghuba zake na vilima vyake, ndipo hadithi ya hazina ikatoka humo. Zipo za hila pia. Miaka ya 1930 wachoraji wawili wa kampuni moja ya ramani New York walibuni kijiji, wakakiita Agloe kwa kuchanganya herufi za majina yao, wakakiweka kwenye njia panda ya vumbi. Ulikuwa mtego: kampuni nyingine ikikionyesha, basi imenakili. Kampuni nyingine ikakionyesha kweli, lakini ikajitetea kwamba kijiji kipo. Kumbe mtu alifungua duka pale, na kwa kuwa aliliona jina kwenye ramani, akaliita Agloe General Store.

Zipo zinazotokana na makosa yanayorithiwa. Mwaka 1798 Mwingereza James Rennell alichora safu ya milima ya Kong ikikatisha Afrika Magharibi, na wachoraji wakanakiliana kwa karibu miaka 90, mpaka Mfaransa Louis-Gustave Binger alipopita eneo hilo mwishoni mwa miaka ya 1880 na kukuta hakuna safu yoyote. Wala hayajaisha. Novemba 2012 wanasayansi wa Australia walisafiri hadi mahali ambapo ramani za mtandaoni zilionyesha kisiwa cha Sandy katika Bahari ya Matumbawe, wakakuta maji ya kina cha zaidi ya mita 1,300.

Ila ya kwetu ndiyo nzuri kuliko zote. Wamisionari wawili Wajerumani, Johannes Rebmann na Jakob Erhardt, walikuwa Rabai. Rebmann ndiye aliyeandika kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na huko London wasomi wakamkatalia. Mwaka 1854 Erhardt alikaa miezi kadhaa Tanga, akiwauliza waliokuwa wakienda na misafara bara. Jambo moja likamshangaza. Popote alipouliza pwani, kaskazini au kusini, mwisho wa safari ulikuwa uleule: utakwenda, utakwenda, kisha utakuta maji makubwa.

Ni sawa na kuwauliza wasafiri watatu usiowajua, waliotokea Mbeya, Arusha na Mwanza, safari zao ziliishia wapi, wakajibu wote "stendi kuu". Usipouliza ni ya mji gani, utadhani ni moja. Erhardt na Rebmann waliyaunganisha maji yote. Ramani yao ilipofika kwenye Royal Geographical Society, chama cha wanajiografia cha London, wanachama walikuta katikati ya bara kuna bahari moja ya Unyamwezi, imejikunja na kutambaa kutoka upande wa ikweta hadi Nyasa, umbo lake kama koa. Wengine walicheka. Hata hivyo ramani ile ya ajabu ndiyo iliyochangia wao kutoa fedha na kuwatuma wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke mwaka 1856. Ramani sahihi lakini tupu isingemwondoa mtu yeyote kitini.

Msafara uliondoka pwani 1857, ukiwa na kiongozi Said bin Salim na mtu aliyeshika mengi ya safari ile, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepitia utumwa hadi India na kurudi. Novemba walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, wakapokewa na mfanyabiashara wa Kimanga, Sheikh Snay bin Amir. Speke akaikunjua ramani ya koa mbele yake, akauliza Nyasa iko wapi. Snay akamwambia Nyasa ni ziwa lake mwenyewe, liko kusini. La Ujiji, ndilo Tanganyika ya leo, ni jingine, magharibi. Na Ukerewe, ndilo Ziwa Victoria la leo? Hilo liko kaskazini, akasema, na ni kubwa kuliko la Ujiji.